CHAPEO YA WOKOVU: Neno Hili Limetoka Wapi, na Kichwa Chako Kimefunikwa na Nini?



 Leo tunachukua neno moja tu na kuligeuza huku na huku mpaka litoe utamu wake. Neno lenyewe ni CHAPEO.

Tunalisikia kanisani unaposomwa Waraka kwa Waefeso sura ya 6. Mtume Paulo anatuorodheshea silaha za Mungu: kweli kiunoni, dirii ya haki kifuani, utayari wa Injili miguuni, ngao ya imani, kisha chapeo ya wokovu na upanga wa Roho (Efe 6:14-17). Ukiwauliza vijana kumi ngao ni nini, wote watakujibu. Upanga ndiyo usiseme, hata mtoto wa chekechea anaujua. Lakini ukifika kwenye chapeo, wengi wanaangaliana. Nimeshawahi kusikia mtu akieleza kwa kujiamini kabisa kwamba ni chepeo, ile ya kuchotea mchanga na zege!

Tucheke kidogo, halafu tuwe makini. Ngao ni ya mkono, dirii ni ya kifua, chapeo ni ya kichwa. Na vita vya vijana wengi siku hizi vinapiganwa kichwani. Ni pale usiku, simu imezimwa, usingizi hauji, na kuna sauti inakuambia: "Umechelewa. Wenzako wameshafika mbali. Mungu amekusahau. Huna maana." Hakuna jeraha linaloonekana, lakini mtu anavuja damu ndani. Ndiyo maana naomba tusipite juu ya neno hili haraka. Mtu asiyejua chapeo ni nini, atajuaje kama ameivaa?

1. Chapeo ni nini?

Kwa maneno mepesi, chapeo ni kofia ya vita, kofia ya chuma au ya shaba inayokinga kichwa cha askari. Tafsiri nyingine za Biblia za Kiswahili cha leo husema tu "kofia ya chuma". Mtaani tunayo ndugu yake: ile kofia ngumu ya dereva wa bodaboda, ambayo wengi tunaiita helmeti na wengine hutamka "elementi". Fundi ujenzi anayo, mchimba madini anayo, askari wa zimamoto anayo.

Chapeo ya askari wa Kirumi, ambayo Paulo aliiona kwa macho yake, haikuwa kofia tu ya kufunika utosi. Mbele ilikuwa na ukingo wa kuzuia upanga unaoshuka kwenye paji la uso. Pembeni ilikuwa na mabamba mawili ya kukinga mashavu, na nyuma ukingo wa kulinda shingo. Mabamba yale yalifungwa kwa kamba chini ya kidevu ili isivuke katikati ya mapigano. Na Paulo aliwajua askari. Waraka huu unamwonyesha akiwa mfungwa, mjumbe aliye katika minyororo (Efe 6:20), na kitabu cha Matendo kinasema kwamba kule Roma alikaa pamoja na askari aliyemlinda (Mdo 28:16). Yaani mfungwa anaangalia vazi la askari anayemlinda, na kutoka hapo anatufundisha namna ya kuwa huru. Hilo peke yake ni fundisho.

2. Neno limetoka wapi?

Chapeo si neno la Kibantu wala la Kiarabu. Ni Kireno. Wareno husema *chapéu*, maana yake kofia, kofia yoyote tu, hata ile ya kukinga jua. Waliingia pwani yetu mwaka 1498, pale Vasco da Gama alipofika Mombasa na Malindi akielekea India. Walianza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, na wakaipoteza kwa Waarabu wa Oman mwaka 1698. Walikaa karibu miaka 200. Walipoondoka, meli zao zilikwenda lakini maneno yao yakabaki mdomoni mwetu: meza, bendera, leso, mvinyo. Hata neno "padri" tumelipata kwao. Na lipo moja la kushangaza, "gereza", linalotokana na *igreja*, ambalo kwa Kireno ni kanisa! Historia ya pwani yetu ina uchungu wake, na maneno huwa yanaubeba.

Kwa hiyo *chapéu* ya Wareno ikawa "chapeo" au "chepeo" ya Waswahili, kofia ya wageni wa kutoka mbali. Baadaye watafsiri wa Biblia walipotafuta neno la kofia ya askari, hawakutaka kusema kofia tu. Kofia kwa Mswahili ni ile iliyotariziwa vizuri, ya kwenda nayo msikitini au harusini. Haizuii rungu. Wakachukua chapeo, na humo ndani ya Biblia neno likapata kazi mpya: likaacha kukinga jua, likaanza kukinga upanga.

Sasa tazama kitu kimoja kizuri. Katika Waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, Paulo anataja dirii na chapeo katika aya moja (1The 5:8). Dirii ni neno la Kiarabu. Chapeo ni neno la Kireno. Waarabu wa Oman na Wareno walipigana vita vikali juu ya ngome ile ya Mombasa. Lakini ndani ya Biblia ya Kiswahili, Mwarabu na Mreno wamemvisha askari mmoja: huyu kifua, huyu kichwa. Lugha yetu imewapatanisha. Kama Mungu anaweza kuchukua maneno ya watu waliouana na kuyafanya yamlinde mtoto wake, basi hakuna kitu katika historia yako, hata kile unachokionea aibu, ambacho hawezi kukigeuza kuwa kinga.

3. Chapeo na kapela ni ndugu

Tuendelee kufukua. *Chapéu* ya Kireno nayo ina mama na bibi. Ilipitia Kifaransa cha zamani, na mwanzo wake ni neno la Kilatini cha baadaye, *cappa*, yaani joho lenye kofia yake, vazi la kujifunika. Kutoka *cappa* likapatikana neno la kitu kidogo cha kufunika kichwa, ndiyo hiyo chapeo yetu. Na kutoka *cappa* hiyohiyo likapatikana neno jingine ambalo wewe Mkatoliki unalijua vizuri: *cappella*, kapela.

Ilikuwaje joho likawa kanisa dogo? Hapa tunakutana na Mtakatifu Martino wa Tours. Alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Hungaria, katika karne ya 4, mtoto wa askari wa Kirumi, naye akaingizwa jeshini akiwa kijana. Siku moja ya baridi kali, kwenye lango la mji wa Amiens huko Ufaransa, alikutana na maskini asiye na nguo. Martino hakuwa na kitu cha kumpa isipokuwa silaha zake na joho lake la kiaskari. Akachomoa upanga, akalikata joho vipande viwili, akampa yule maskini nusu. Wapo waliomcheka, maana askari mwenye nusu joho anachekesha kweli. Usiku ule alimwona Kristo katika ndoto, amevaa ile nusu ya joho. Na kumbuka, Martino alikuwa bado mkatekumeni, hajabatizwa! Baadaye akabatizwa, akaacha jeshi, akawa mmonaki, kisha askofu wa Tours. Alifariki mwaka 397, na tunamkumbuka kila tarehe 11 Novemba.

Wafalme wa Wafranki walilitunza joho lake kama masalia matakatifu. Mahali lilipotunzwa pakaitwa *cappella*, mahali pa joho dogo. Mapadre waliolitunza wakaitwa *cappellani*. Ndiyo asili ya kapela, na ndiyo asili ya kapelani, yule padri mlezi wa wanafunzi, wagonjwa, wafungwa au askari. Hata Malindi, ambako Mtakatifu Fransisko Ksaveri alitia nanga mwaka 1542 akielekea India, bado ipo kapela ndogo ya Wareno karibu na bahari. Kapela ya Wareno na chapeo ya Wareno, zote mbili zilishuka kwenye fukwe zetu, na zote mbili ni wajukuu wa joho.

Unaona maana yake? Ukiingia kwenye kapela kusali, kwa asili ya maneno umeingia chini ya joho. Umefunikwa. Na joho lenyewe ni nusu, kwa sababu nusu nyingine alipewa maskini. Mkristo hajikingi peke yake. Chapeo inayonikinga mimi tu na kumwacha ndugu yangu kwenye baridi, hiyo si ya ukoo huu.

4. Lugha nyingine zinasemaje?

Paulo aliandika Kigiriki, na neno alilotumia ni *perikephalaia*. Ni neno la kuunganisha: *peri* ni kuzunguka, *kephale* ni kichwa. Yaani "kinachozunguka kichwa". Ndiyo maana chapeo si kitu cha kuwekwa juu juu tu, kinazunguka pande zote. Kiebrania cha Agano la Kale kinasema *koba*, na Kilatini cha Kanisa kinasema *galea*.

Na helmeti ya bodaboda? Hiyo tumeipata kwa Kiingereza, lakini mzizi wake ni neno la kale la makabila ya Kijerumani, *helm*, na maana ya ndani kabisa ya mzizi huo ni kufunika, kuficha. Sasa angalia majina ya ubatizo ya watu unaowajua. Kama unaitwa Wilhelmu, Wiliamu au Wilhelmina, chapeo imo ndani ya jina lako: *wil* ni nia, *helm* ni chapeo. Kama unaitwa Anselmi, ni zaidi: *ans* ni neno la kale la kimungu, kwa hiyo jina lako ni kama kusema "chapeo ya Mungu". Na mtakatifu aliyelibeba jina hilo, Mtakatifu Anselmi wa Canterbury (1033-1109), ni Mwalimu wa Kanisa anayekumbukwa kwa kufundisha kwamba imani hutafuta kuelewa. Alitumia kichwa chake kwa ajili ya Mungu. Jina lilimfaa!

Basi, joho linafunika. *Helm* inafunika. *Perikephalaia* inazunguka. Lugha tofauti, watu tofauti, wazo ni lilelile: kulindwa ni kufunikwa na mwingine. Na wewe umefunikwa na nani?

5. Aliyeivaa wa kwanza

Wengi tunadhani chapeo ya wokovu ni wazo la Paulo. Hapana. Paulo aliisoma kwa nabii Isaya, na kwa Isaya anayeivaa si mwanadamu. Ni Mungu mwenyewe! Soma Isa 59:15-17. Hali ya nchi ni mbaya: haki haipo, kweli haionekani, mtu anayeacha uovu anageuzwa mawindo. Bwana anatazama, hamwoni mtu wa kusimama upande wa wanyonge. Ndipo anajivika mwenyewe haki kama dirii, na kuweka chapeo ya wokovu kichwani pake.

Sisi Wakatoliki tunayo aya nyingine katika kitabu cha Hekima ya Sulemani, kitabu ambacho ndugu zetu wengi Waprotestanti hawamo nacho katika Biblia zao. Hek 5:18 inaonyesha picha hiyohiyo: Bwana anavaa haki kifuani, na chapeo yake ni hukumu isiyo na unafiki, isiyopendelea mtu.

Sasa rudi kwa Waefeso. Kitenzi cha Kigiriki anachotumia Paulo kwa chapeo kina maana ya kupokea, si kujitengenezea wala kununua. Mnapokea kutoka kwa nani? Kutoka kwa yule aliyekuwa ameivaa! Mungu anaivua chapeo yake na kukuvika wewe. Kijana mwenzangu, hebu kaa na wazo hilo dakika moja. Unapopigwa kichwani na mawazo ya kukata tamaa, hupigani kwa kofia uliyoshona mwenyewe kwa nguvu zako, kwa vyeti vyako, kwa idadi ya watu wanaokufuata mtandaoni. Umevikwa kofia ambayo imeshashinda vita.

Na kwa Wathesalonike, Paulo anaipa jina kamili: chapeo hiyo ni TUMAINI la wokovu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 1820) inaitumia aya hiyo kufundisha kwamba tumaini ni silaha inayotulinda katika mapambano. Kumbe tumaini si hisia ya kujisikia vizuri. Unaweza kuwa unalia na bado umevaa chapeo. Askari hatafuti kwanza kujisikia vizuri ndipo avae kofia. Anavaa kwa sababu anajua mapigo yapo. Jubilei ya mwaka 2025 ilituita "Mahujaji wa Matumaini". Jubilei imepita, hija inaendelea.

6. Chapeo tatu katika bonde moja

Nenda 1 Samweli 17, utaona mambo mazuri. Goliathi ana chapeo ya shaba kichwani (aya ya 5). Sauli naye anayo chapeo ya shaba, anamvika Daudi (aya ya 38). Daudi anajaribu, inamshinda, anaivua.

Chapeo ya Goliathi ni chapeo ya majivuno. Inang'aa, inatisha, watu siku arobaini wanaikimbia. Lakini jiwe la Daudi liliingia wapi? Kwenye paji la uso! Mtu aliyejifunika shaba mwili mzima alianguka kwa kichwa. Pesa, umaarufu, misuli, akili nyingi: vinang'aa, lakini pale panapouma hasa vinaacha wazi.

Chapeo ya Sauli ni ya kuazima. Si mbaya, ila si saizi ya Daudi. Vijana wengi tunaishi kwa imani ya kuazima. Mama anasali rozari, mimi nimo. Bibi alikuwa WAWATA miaka thelathini, mimi nimo. Siku ya mapambano utagundua kofia inakuzunguka kichwani na kukuziba macho. Imani ya mama yako ni zawadi kubwa, lakini chapeo lazima ikae kwenye kichwa chako.

Na chapeo ya tatu? Haionekani. Daudi anashuka bondeni kichwa kitupu, akimwambia yule jitu kwamba anamjia kwa jina la Bwana wa majeshi. Hiyo ndiyo iliyomfunika.

7. Kanisa linatuvisha lini?

Siku ya ubatizo, baada ya maji, mtoto hupakwa krisma takatifu utosini. Waulize akina mama utosi ni nini: ni pale juu ya kichwa cha mtoto mchanga ambapo mfupa haujafunga bado, unaona kabisa panapiga. Hakuna mahali dhaifu kuliko pale. Na Kanisa linapaka mafuta PALE. Siku ya Kipaimara, askofu anapaka krisma kwenye paji la uso, palepale Goliathi alipopigwa. Utosi na paji la uso: hebu weka helmeti kichwani uone inafunika wapi. Ni hapohapo. Kwa hiyo kama umebatizwa na kuimarishwa, chapeo unayo. Usiseme huna.

Mapadre nao wana kumbusho lao. Ukiingia sakristia unaweza kukuta kitambaa cheupe chenye kamba mbili, kinaitwa amikto. Huvaliwa shingoni chini ya alba. Kwa desturi ya zamani, padri hukigusisha kichwani kwanza kabla ya kukishusha mabegani, na sala inayoendana nacho humwomba Bwana amvike kichwani chapeo ya wokovu ili ashinde mashambulizi ya shetani. Na katika ibada ya zamani ya kumweka wakfu askofu, ile mitra ndefu iliitwa chapeo ya ulinzi na wokovu. Kumbe hata padri na askofu wanahitaji kufunikwa. Wewe na mimi je?

8. Kuwa nayo na kuivaa ni vitu viwili

Simama barabarani dakika kumi uangalie bodaboda. Mmoja kaivaa na kuifunga. Mwingine kaining'iniza kwenye kioo. Mwingine kaivaa mkononi kama kikapu. Akimwona trafiki mbele, haraka, kichwani! Akimpita, inarudi mkononi. Helmeti anayo, tena nzuri, lakini siku ya ajali itakuta mkono umelindwa na kichwa kipo wazi.

Wakristo wa namna hiyo tupo. Jumapili kichwani, Jumatatu kwenye kioo. Padri akija jumuiya, kichwani. Sasa basi, tunaivaaje na kuifunga kamba? Napendekeza mambo manne, madogo tu.

*Kwanza, anza na paji la uso.* Ishara ya msalaba huanzia hapo. Asubuhi, kabla ya kushika simu, gusa paji la uso wako polepole: "Kwa jina la Baba." Na kabla ya Injili, tunapochora misalaba mitatu midogo, ule wa kwanza ni wa akili. Usiufanye kama unafukuza nzi.

*Pili, chuja kinachoingia.* Chapeo inalinda macho na masikio pia. Kama kuna kurasa ambazo kila ukitoka huko unajidharau, unatamani maisha ya watu au unawaka tamaa, hizo ni mapigo. Acha kuzifuata. Utashangaa kichwa kinavyopoa.

*Tatu, jibu mawazo kwa Neno.* Upanga na chapeo vimetajwa pamoja. Chagua aya moja ya tumaini, ikariri, iwe jibu lako usiku. Zaburi zimejaa.

*Nne, usipigane peke yako.* Hili nalisema kwa uzito. Kama mawazo ya kukata tamaa yamekuwa mengi, kama umefikia kufikiria kwamba afadhali usingekuwepo, tafadhali mwambie mtu LEO: mzazi, mlezi, padri, sista, rafiki unayemwamini, daktari. Kwenda hospitali si kukosa imani. Mguu ukivunjika tunakwenda, na kichwa kikiumia twende vilevile. Nawe unayemwona mwenzako amenyamaza muda mrefu kwenye kundi, mpigie. Mkatie nusu ya joho lako. Abiria wa nyuma naye anahitaji helmeti.

Na kama umeanguka, umetenda dhambi, unaona chapeo imepasuka? Helmeti iliyopigwa vibaya hutupwa, inanunuliwa nyingine. Lakini hii ya wokovu unaipeleka kwenye Kitubio, na Bwana anakurudishia bila kukudai kitu.

Maswali ya kutafakari

1. Ni sauti gani inayonipiga kichwani mara nyingi zaidi? Naijibuje?
2. Chapeo yangu ni ya nani: ya Goliathi, ya Sauli, au ile niliyopokea kwa Bwana?
3. Tarehe yangu ya ubatizo ni ipi? Kama siijui, nitamuuliza nani wiki hii?
4. Ni nani anayehitaji nusu ya joho langu?

Tusali

Ee Bwana, ulipoona hakuna wa kututetea, ulijivika chapeo ya wokovu ukaja mwenyewe. Nifunike kichwa changu. Uliponipaka mafuta utosini nilikuwa mdogo, sikujua. Leo najua, na nakushukuru. Mawazo yanayoniambia kwamba nimekwisha, yazuie. Nifundishe kutumaini hata ninapolia. Uwakumbuke vijana wote ambao usiku huu vichwa vyao viko wazi. Nitume kwa mmoja wao. Mtakatifu Martino, utuombee. Mtakatifu Anselmi, utuombee. Mama Maria, utufunike kwa joho lako. Amina.

Ukilisoma somo hili, mtumie kijana mmoja. Na kesho asubuhi, kabla ya simu, paji la uso kwanza. Mungu akubariki.